Tiketi 10,100, vijilango saba

Asanteni. Nianze na hesabu za maafa ya uwanja wa Hillsborough, Uingereza; mpira utafuata.

Tiketi za kusimama 10,100. Vijilango saba, vile vya chuma vinavyozunguka na kupitisha mtu mmoja mmoja. Gawanyeni: kila kijilango kina watu zaidi ya 1,440. Tuseme kila mtu atumie sekunde tano tu, tiketi mkononi, hana mtoto wala mzigo. Ni saa mbili, na foleni isikatike hata kidogo. Sasa nani hufika uwanjani saa mbili kabla? Ninyi wenyewe leo nimewasubiri nusu saa.

Hapo ni Hillsborough, mjini Sheffield, Aprili 15, 1989. Nusu fainali ya Kombe la FA, Liverpool na Nottingham Forest. Uwanja si wa yeyote kati yao, wote ni wageni, kwa hiyo ilibidi ugawanywe. Polisi walitazama barabara: Forest wanatokea kusini, Liverpool kaskazini na magharibi, wasije wakakutana njiani wakatwangana. Basi Forest wakapata tiketi kama 29,800 na vijilango 60. Liverpool, wenye mashabiki wengi zaidi, wakapata 24,256 na vijilango 23, vyote upande wa barabara ya Leppings Lane. Vile saba vyangu vimo humo. Liverpool walilalamika, lakini mwaka uliotangulia timu hizohizo zilikuwa zimecheza hapohapo kwa mpango uleule, na mpango haukubadilishwa.

Mnaona? Mgawo ulipangwa kwa kuogopa ngumi. Upana wa mlango haukupewa uzito.

Mpira ulikuwa uanze saa tisa. Kabla ya hapo watu nje walishabanana hadi pumzi ikawa shida, na saa 8:52 polisi wakaamuru lango kubwa, Lango C, lifunguliwe. Kulifungua kuliwaokoa walio nje. Lakini ukiingia pale, mbele yako moja kwa moja kuna handaki lenye mteremko, na mwisho wake unaona kijani cha uwanja. Nani asingelifuata? Lilikwenda kwenye vizimba viwili vya katikati, sehemu za mashabiki kusimama, vilivyokwisha kujaa, vyenye uzio mbele. Vizimba vya pembeni vilikuwa na nafasi. Hakuna aliyesimamishwa mdomoni mwa handaki kuwaelekeza watu huko.

Saa 9:06 refa alisimamisha mchezo. Waliokufa kwa kubanwa humo ni 97; wa mwisho alifariki 2021, baada ya miaka 32 ya ulemavu. Mashabiki walisingiziwa ulevi na fujo kwa miaka mingi, hadi 2016 jopo la uchunguzi wa vifo lilipotamka kwamba hawakuwa na kosa.

Naona mkono kule nyuma. Kwa nini hawakuchelewesha mpira? Swali zuri, maana walijua namna. Mwaka 1987, uwanja huohuo, nusu fainali ya Coventry na Leeds, watu walikwama nje, mpira ukasogezwa mbele robo saa, wakaingia.