Kumwandaa Pokémon: Kilichorahisishwa na Kilichorudishwa Nyuma

Hamjambo nyote. Tukianza na picha za gemu za Pokémon Scarlet na Violet tutakesha hapa. Zilipotoka Novemba 2022 watu walilalamika kwamba gemu inakwamakwama, na walikuwa na haki. Ila mfululizo huu ulioanzia Japani mwaka 1996 mimi huupima kwa kitu kingine: kazi inayotakiwa kumwandaa Pokémon mmoja kwa mashindano. Kazi hiyo imekuwa ikipunguzwa kidogo kidogo, toleo baada ya toleo.

Chukueni EV, alama anazovuna Pokémon kila anapomshinda mwenzake. Tangu Ruby na Sapphire, 2002, jumla haivuki 510. Siku hizi sehemu moja ya uwezo wake, tuseme kasi, hujaa kwa 252. Kwa Pokémon mwenye IV (alama za kuzaliwa nazo) kamili, yaani 31, akiwa leveli ya 50, alama 4 za kwanza huongeza kasi kwa 1, kisha kila nyongeza hudai alama 8. Ukijaza 252 umeongeza kasi kwa 32. Jaza sehemu mbili, zinabaki alama 6: tia 4 kwenye sehemu ya tatu, na 2 za mwisho hazina kazi yoyote.

Zamani vitamini, dawa za kuongeza EV, zilikoma kufanya kazi sehemu ikifika alama 100. Sword na Shield, 2019, ziliondoa kizuizi hicho. Katika Scarlet, chupa moja huongeza 10 na bei yake ni 10,000, kwa hiyo kujaza sehemu moja ni chupa 26, yaani 260,000 za humo ndani. Huna hela? Mpe Pokémon ashike kifaa cha Power Anklet, kinachoongeza alama 8 za kasi kila ushindi. Ukipiga wanaotoa alama 1 ya kasi, unavuna 9 kwa pambano. Mapambano 28, kazi kwisha.

Hapa ndipo wengi huharibu. Kumtuma Pokémon akapigane mwenyewe kwa kitufe cha R hakuleti EV hata moja, ingawa leveli inapanda. Pia Exp. Share, inayogawia kikosi kizima matunda ya ushindi, haizimiki tena, kwa hiyo kikosi kizima huokota ile alama 1 ya adui hata kama hawakupigana. Wale usiowafunza kasi waache kwenye boksi. Ukishachelewa, tunda la Tamato hupunguza kasi alama 10 kwa kila moja.

Kurekebisha IV kulidai leveli ya 100 enzi za Sun na Moon. Sasa 50 inatosha, unapeleka kizibo cha chupa (Bottle Cap) kwenye mji wa Montenevera. Tabia (Nature, inayopandisha sehemu moja na kushusha nyingine) isiyofaa hurekebishwa kwa minti ya 20,000, ila mtoto wake akirithi tabia, hurithi ile ya asili.

TM, vifaa vya kumfunza Pokémon mbinu za kupigana, ndizo zilizorudi nyuma. Black na White, 2010, zilifanya TM moja itumike milele. Scarlet imerudisha ya kutumika mara moja, na nyingine unaitengeneza kwa LP (aina nyingine ya pesa ya humo ndani) na vitu vinavyodondoshwa na Pokémon wa porini. Mimi sioni faida yake, ni kurefusha gemu tu.

Mkinunua kadi ya gemu iliyotumika pale barabara ya Luthuli, Nairobi, msihofu: sevu ya mwenye nayo wa zamani ilibaki kwenye Switch yake, yaani mashine ya kuchezea. Lakini na yenu itakaa kwenye Switch yenu, na gemu hizi mbili hazikubali kuhifadhi sevu mtandaoni. Kabla ya kuuza au kupeleka mashine kwa fundi, wahamishieni Pokémon wenu HOME, huduma ya kuwahifadhi mtandaoni.