Wati Kwanza, Prosesa Baadaye

Mabibi na mabwana, karibuni. Nimeombwa kuzungumzia namna ya kubadilisha prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta ya mezani, kwa fedha kidogo, na namna ya kuipoza ukishaibadilisha. Wengi huyagawa haya mafungu mawili: nanunua prosesa leo, habari ya joto tutaijua mbele ya safari. Kwangu mimi ni jambo moja, tena naanzia kwenye joto.

Umeme wote unaoingia ndani ya prosesa hutoka ukiwa joto. Zikiingia wati 65, wati 65 lazima ziondolewe. Zikiingia 250, ni hizo hizo 250. Kwa hiyo wewe ukinunua prosesa ya wati 65 na mwenzako akanunua ya wati 250, tofauti yenu haiishii kwenye kasi. Yeye amejitwisha pia kipoozeo kikubwa, pawasaplai (kisambaza umeme) yenye nguvu zaidi, mazabodi, yaani bodi kuu, inayohimili umeme huo, na kelele za feni. Mtu hujikuna ajipatapo, na mwenye mfuko mdogo aanze hesabu yake kwenye wati, si kwenye namba kubwa zilizochapwa juu ya boksi.

Lakini kwanza, una hakika ni prosesa inayokuchelewesha? Fungua Task Manager, kile kidirisha cha Windows kinachoonyesha matumizi ya prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda) na diski, kisha fanya kazi ile ile inayokukera. Ukiona diski imefika asilimia 100 na prosesa iko 20, toa diski ya kuzunguka, weka SSD, diski isiyo na kinachozunguka ndani, utadhani umenunua mashine mpya. Ukiwa na kijiti kimoja cha RAM, kuongeza cha pili kinacholingana nacho hufungua njia ya pili ya data. Kwa wacheza michezo, kadi ya picha ikiwa inafanya kazi kwa asilimia 98, prosesa mpya itakaa tu ikiisubiri. Ila msidanganywe na wastani. Prosesa yenye viini 8, yaani sehemu nane zinazofanya kazi bega kwa bega, inaweza kuonyesha asilimia 15 tu huku kiini kimoja kimeelemewa na vingine saba vimelala. Tazameni grafu ya kila kiini peke yake.

Haya, tuseme ni prosesa kweli. Sasa anayeamua ni mazabodi. Fungueni kasha, someni jina la bodi lililochapwa kati ya soketi, yaani kiti cha prosesa, na nafasi za kadi, kisha nendeni kwenye tovuti ya aliyeitengeneza mkatafute orodha ya prosesa zinazokubalika. Orodha ile ndiyo duka lenu. Nje yake usinunue kitu, hata kama muuzaji anaapa.

Nitawapa mfano ninaoupenda kuliko yote. AMD, washindani wa Intel katika kutengeneza prosesa, walianza kuuza prosesa zao za Ryzen za soketi ya AM4 mwaka 2017, na mwaka 2022 bado walikuwa wakitoa prosesa mpya za soketi hiyo hiyo. Mtu aliyenunua Ryzen 5 1600 mwaka ule wa kwanza ana viini 6, wati 65 na kasi ya juu ya gigahezi 3.6. Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 ina viini 6, wati 65, ila inapanda hadi gigahezi 4.4, kumbukumbu yake ya ndani ya ngazi ya tatu ni megabaiti 32 badala ya 16, na kila mpigo wa saa unamaliza kazi nyingi zaidi. Bodi nyingi za mwanzo za AM4 zinaipokea baada ya kusasishwa BIOS, ile programu ya bodi inayoiwasha mashine. Bodi haibadiliki, RAM haibadiliki, pawasaplai haibadiliki. Hata kipoozeo cha zamani, kwa kuwa wati ni zile zile, kinarudi mahali pake. Hayo ndiyo mabadiliko ya mtu mwenye akili na fedha kidogo.

Kwa upande wa Intel mambo ni magumu kidogo, na kuna mtego mmoja ambao bado unawanasa watu. Soketi ya LGA1151 ilitumika kuanzia kizazi cha 6 hadi cha 9, jina moja, umbo moja. Lakini prosesa za kizazi cha 8 na cha 9 zinataka bodi za mfululizo wa 300. Ukiziweka kwenye bodi za mfululizo wa 100 au 200 haziwaki. LGA1200 ilibeba vizazi vya 10 na 11. LGA1700 ilianza mwaka 2021 na kubeba vya 12, 13 na 14, ila huko angalieni RAM: kuna bodi za RAM ya aina ya DDR4 na kuna za DDR5, na vijiti vya moja haviingii kwenye nyingine. Soketi ya AM5 ya AMD haitaki chochote isipokuwa DDR5.

Wenye bodi za kizazi cha 6 na cha 7 nawaambia ukweli: msitumie fedha hapo. Mnaweza kupanda kutoka prosesa ndogo ya i3 hadi ile kubwa ya i7 ya kizazi cha 7, na mashine itakimbia, ila karibu prosesa zote za vizazi hivyo haziko kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wanaotumia Linux hilo haliwahusu, wao waendelee.

Herufi za mwisho wa jina la prosesa msizipuuze. F kwa Intel maana yake haina kichakata picha ndani. Kama huna kadi ya picha, utawasha mashine na kioo kitabaki cheusi. Ryzen nyingi za mfululizo wa 5000 zisizo na herufi G ni hivyo hivyo. K ni ya kupandishwa kasi, na kwa bajeti yetu ni mzigo. T ni za wati 35, tulivu, zinafaa kasha dogo.

Kuhusu wati zenyewe, boksi halisemi yote. Prosesa ya AMD ya AM4 iliyoandikwa 65 inaruhusiwa kuvuta hadi 88 kwenye soketi, na iliyoandikwa 105 inafika 142. Core i5-12400 ya Intel ina wati 65 za msingi na 117 za juu. Core i9-13900K imeandikwa 125, na inaruhusiwa 253. Tafuteni ile namba ya juu, ndiyo itakayokutana na kipoozeo chenu. Nikitazama orodha ya bei, hugawa mawazo yangu hivi: chini ya wati 90 kipoozeo kinachokuja ndani ya boksi kinatosha, japo kitapiga kelele, kuanzia hapo hadi 150 nanunua kipoozeo cha mnara, kile kirefu kinachosimama juu ya prosesa, chenye feni moja ya milimita 120, zaidi ya hapo narudisha prosesa kwenye rafu.

Zilizotumika je? Prosesa ni kifaa kigumu kufa, kwa hiyo mimi hununua zilizotumika bila woga mwingi. Hii hapa mkononi ni ya AM4, ina pini 1331 chini yake. Iinueni usawa wa jicho na taa iwe upande wa pili, mtazame katikati ya mistari. Mistari yote inapaswa kunyooka. Pini iliyoinama itajitokeza yenyewe. Kwa Intel pini ziko kwenye bodi, kwa hiyo prosesa inaweza kuwa nzima na bodi ikawa ndiyo mbovu. Tahadhari moja tu: baadhi ya prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 ziliharibika kwa kupelekewa volti nyingi kupita kiasi. Mwaka 2024 Intel walitoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho huzuia madhara, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuathirika. Ya namna hiyo, iliyotumika na isiyo na dhamana, siinunui.

Kabla ya kutoa prosesa ya zamani, sasisha BIOS. Nasema kabla. Ukishaitoa ya zamani na BIOS haiitambui mpya, umebaki na kasha la feni zinazozunguka na kioo cheusi. Bodi chache zina kitufe cha kusasisha kwa flashi bila prosesa. Nyingi za bei ya chini hazina.

Sasa sogeeni mezani. Mashine hii nimeifanyisha kazi nzito dakika kadhaa ili pesti ya joto, iliyopakwa kati ya prosesa na kipoozeo, ilainike, kisha nimeizima na kuchomoa waya. Nalegeza skrubu za kipoozeo kwa mshazari, kona hii kisha kona ile. Kabla ya kuinua, nakizungusha kidogo kushoto, kidogo kulia. Mmesikia? Huo mlio ni pesti iliyokauka inaachia. Ningekivuta moja kwa moja juu, prosesa ingeweza kung'oka soketini imegandia kwenye kipoozeo, wenzo wa soketi ukiwa bado umefungwa, na pini zikapinda. Hapa ndipo prosesa nyingi za AM4 zinapouawa.

Nafuta pesti ya zamani kwa kitambaa kisichotoa nyuzinyuzi na spiriti ya isopropili. Watu huuliza pesti gani bora. Ngoja kwanza tuelewe kazi yake. Shaba hupitisha joto kwa kipimo cha takriban 400, alumini kama 235, hewa 0.026. Pesti iko chini mno ya shaba, hata ile ya gharama, ila iko juu ya hewa mara mamia. Metali mbili zikikutana, kwa macho zimelala sawasawa, lakini kuna vijibonde vyenye hewa. Pesti inafukuza hewa hiyo tu. Ndiyo maana kuijaza kupita kiasi ni hasara: unaweka kizuizi pale ambapo metali zingegusana. Tone la milimita 4 au 5 katikati, kipoozeo kitalisambaza chenyewe. Chagua pesti ya kawaida yenye jina. Tofauti ya kati na ya juu ni digrii chache. Na jamani, utando wa plastiki chini ya kipoozeo kipya, utoeni!

Ndani ya mabomba haya ya shaba ya kipoozeo kuna maji kidogo, yamefungiwa kwa shinikizo la chini. Upande wa prosesa yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya metali, unapoa na kuwa maji, kisha maji yanarudi kwa kunyonywa na utambi uliotandazwa ndani ya bomba. Hakuna pampu, hakuna cha kuharibika isipokuwa feni, na feni ni rahisi kubadilisha.

Vipimo viwili kabla ya kulipia mnara. Urefu: mingi hufika milimita 155 au zaidi, na makasha membamba hayaipokei. Matundu ya kufungia kipoozeo kwenye bodi: ya LGA1700 yameachana milimita 78, yaliyotangulia ya LGA1200 na LGA115x (LGA1151 na ndugu zake) yalikuwa 75, hivyo kipoozeo cha zamani kinahitaji vishikio vipya. Kile cha Intel chenye miguu minne ya plastiki, geuza bodi uone kama ncha zote nne zimetokeza. Mguu mmoja ukiwa juu juu, joto litapanda na utalaumu pesti.

Kipoozeo kizuri ndani ya kasha lisilopumua ni kujipepea ndani ya jiko lililofungwa madirisha. Feni moja mbele iingize, moja nyuma itoe, vumbi lifutwe. Jambo lisilosemwa sana: feni ya mnara haipulizi chini, kwa hiyo vile vifaa vya umeme vinavyoizunguka soketi hukosa upepo. Kwenye bodi ya bei ya chini isiyo na mapezi juu ya vifaa hivyo, kipoozeo kifupi kinachopuliza chini wakati mwingine ni chaguo bora kuliko mnara.

Dada pale mbele anauliza, joto gani ni baya? Prosesa nyingi za Intel hujipunguza kasi zikifika digrii 100, Ryzen 5000 kati ya 90 na 95 kutegemea aina, na Ryzen 7000 zenyewe zimeundwa zipande hadi 95 zikipewa kazi nzito. Kwa hiyo digrii 80 katika kazi kamili si ugonjwa. Tazama kasi badala ya joto: ipe mashine kazi nzito nusu saa, na ikiwa gigahezi zinashuka huku joto limegonga dari, kipoozeo kimeshindwa. Hapo, kabla ya kununua kingine, ingia BIOS upunguze wati zinazoruhusiwa. Ryzen ya 105 ukiibana kwenye 65 inapoteza sehemu ndogo ya kasi, na feni zinanyamaza.

Na ndugu aliyeuliza kuhusu kupoza kwa maji: maji hayamezi joto, yanalihamishia kwenye mapezi mengine pembeni ya kasha. Unalipia pampu ambayo siku moja itachoka. Kwa prosesa za wati tunazozizungumzia hapa, fedha hiyo iongeze kwenye RAM.

Swali la mwisho, kompyuta za ofisi zilizotumika. Zinauzwa rahisi, na nyingi ni imara. Ila BIOS zake mara nyingi hutambua tu prosesa zilizouzwa na modeli ile, pawasaplai huwa na plagi za aina yake, na kipoozeo hufungwa kwa vishikio ambavyo havipatikani madukani. Kabla ya kuinunua, tafuta prosesa kubwa kuliko zote zilizowahi kutoka kiwandani ndani ya modeli hiyo. Mara nyingi utakuta kuinunua ikiwa tayari na prosesa hiyo ndani ni nafuu kuliko kuipandisha mwenyewe.