Hadithi ina mwenyewe: nimetoka kuwasikiliza waandishi Waaborijini

Wazee wangu mnaoangalia, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za huko. Hapa Melbourne ni saa tatu usiku, mwezi wa saba, baridi inauma mpaka kwenye meno. Sijavua hata koti, nimetoka sasa hivi kuwasikiliza waandishi Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Nimeona nikikaa mpaka kesho nitasahau nusu.

Kwanza tazameni hii. Noti ya dola 50 ya Australia. Ngoja niisogeze karibu na kamera. Mnamwona huyu mzee? Anaitwa David Unaipon, Mwaborijini wa kabila la Wangarrindjeri, Australia Kusini, kazaliwa mwaka 1872. Mwaka wa sita huu nashika noti hii, nanunulia unga wa sembe kwenye duka la Waafrika, na wala sikujua kwamba huyu ni mwandishi.

Miaka ya 1920 alizunguka akikusanya hadithi za wazee, akaziandika kwa mkono wake. Mwaka 1930 hadithi hizo zikatoka kwenye kitabu London, na juu ya jalada jina ni la daktari mmoja wa Kizungu, William Ramsay Smith. Jina la Unaipon halimo. Zikaja kuchapishwa kwa jina lake mwaka 2001. Yeye alishafariki 1967. Sura yake ilishawekwa kwenye pesa, hadithi zake bado zina jina la mtu mwingine! Nilipoambiwa hivyo leo jioni nilinyamaza kabisa.

Nimeyasikia maktaba, hapa kaskazini mwa mji. Ni wiki ya NAIDOC. Kila mwaka, mwanzoni mwa Julai, Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, kaskazini mwa Australia, husherehekea utamaduni wao nchi nzima, na maktaba ya mtaani kwetu ikawaalika waandishi waje wasome na kusimulia. Nje ya mlango kulikuwa na moto mdogo, majani mabichi ya mkaratusi yamewekwa juu yake, na kila anayeingia anapita kwenye ule moshi. Mimi mtu wa Tanga, nimekulia kwenye nyumba inayofukizwa ubani kabla mgeni hajakaa. Sikuhitaji kufafanuliwa.

Ndani hakuna jukwaa. Viti vimepangwa duara. Mama mmoja mtu mzima wa Wurundjeri, watu ambao mji huu umejengwa juu ya ardhi yao, akasimama akasema, "Wominjeka." Karibuni, kwa lugha ya kwao. Kila mtu pale anamwita Aunty, mpaka watoto wa Kizungu, na si shangazi yao wa damu. Ni heshima tu ya umri na nafasi, kama sisi tunavyomwita bibi mtu ambaye hatujui hata kwao ni wapi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Kila aliyesimama, kabla hajatamka neno la hadithi, alisema imetoka wapi. Hii nilipewa na babu yangu, ni ya mto fulani, nimeruhusiwa kuisema. Kijana mmoja akasoma kurasa kama tatu, nzuri ajabu, watu wameinamia mbele kwenye viti. Akafunga kitabu. Akasema sehemu inayofuata ni ya upande wa mama yake, na yeye hana ruhusa ya kuisoma mbele ya watu wa nje. Basi. Hakuna aliyeguna, hakuna aliyeomba aendelee kidogo.

Sisi tumezoea hadithi haina mwenyewe. "Paukwa!" "Pakawa!" Halafu kila mtu anachukua. Lakini fikiria watu walionyang'anywa ardhi, watoto wao wakachukuliwa kwa nguvu na serikali, wakakatazwa kusema lugha zao. Kabla Waingereza hawajaanza kuhamia mwaka 1788 nchi hii ilikuwa na lugha zaidi ya 250. Nyingi leo hazina msemaji. Mtu wa namna hiyo akishika hadithi yake kwa mikono miwili, mimi namwelewa.

Na hawakukaa kulia tu. Mwaka 1984, kule Kimberley, kaskazini-magharibi kabisa, wazee walikutana kwenye tamasha la utamaduni mahali panaitwa Ngumpan, wakaamua wawe na shirika lao wenyewe la kuchapisha vitabu. Ndiyo Magabala Books, liko mji wa Broome mpaka leo. Magabala ni tunda la porini, mbegu zake hupeperuka mbali. Yaani shirika la vitabu limezaliwa kwenye mkusanyiko, watu wamekaa chini wanazungumza. Kwa hiyo mkutano kama wa leo msiuone mdogo.

Hapa Melbourne kuna tamasha lao kubwa la waandishi pia, Blak & Bright, lilianza 2016. Hiyo Blak, yaani neno la Kiingereza "black", mweusi, bila herufi c, wameiandika hivyo kwa makusudi, neno walilotukanwa nalo wameligeuza kuwa lao. Na kuna tuzo yenye jina la mzee huyu wa kwenye noti, ya miswada ya waandishi wapya wa asili. Tara June Winch aliishinda akiwa binti mdogo. Mwaka 2020 akachukua Miles Franklin, tuzo kubwa ya riwaya hapa. Alexis Wright, wa watu wa Waanyi, ameichukua mara mbili, 2007 na 2024.

Nikiwa kwenye treni ya kurudi nikampigia bibi Pangani. Huko ilikuwa mchana, anapepeta mchele, nausikia ungo. Nikamwambia, bibi, ile hadithi ya mvuvi na chewa, uliyokuwa unatusimulia umeme ukikatika, nataka kuisimulia kwenye chaneli. Naruhusiwa?

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

Akasema, "Ile si yangu, mwanangu. Ni ya somo yangu, ndiye aliyenifunda. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Akanitajia jina lake, la baba yake, na kijiji alichozaliwa. Nimeviandika hapa, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Video ijayo nitaanza na jina hilo, ndipo niseme paukwa.