Skrubu za benchi la nje

DOTO: Kazi ya leo ni benchi. Litakaa nje, kule Capri Point, Mwanza, linapigwa na upepo wa ziwa mchana kutwa. Mbao za kukalia ni mninga wa inchi 1, zinalala juu ya vipingo vya 2 kwa 3 vilivyosimamishwa kwa ubavu. Fundi kaja na paketi ya skrubu nyeusi.

KULWA: Azirudishe hadwea. Hizo ni za jipsamu. Zimekaushwa ngumu, hazijui kupinda. Mninga ukilowa unavimba, jua likiwaka unasinyaa, skrubu inavutwa huku na huku mpaka inakatika shingoni. Na ule weusi hauzuii kutu. Masika moja tu inatosha.

DOTO: Zile za manjano?

KULWA: Za kabati la ndani, sawa. Zinki yake ni nyembamba. Nje weka stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi. Tena ziwa letu halina chumvi, kwa hiyo daraja la 304 linatosha. 316 waachie Tanga na Dar es Salaam, kwenye chumvi ya bahari.

DOTO: Muuzaji akikuambia yote ni stenlesi?

KULWA: Nenda na sumaku. 304 haishikwi, au inashikwa kwa kulegea. Ikinata kwa nguvu, iache.

DOTO: Urefu, inchi 2 na nusu; unene, namba 10. Inchi 1 inaishia kwenye ubao wa juu, 1 na nusu inashika kipingo. Sasa, lawama ninayoisikia sana ni hii: umekaza mpaka mwisho, bado kati ya ubao na kipingo kuna mwanya unaopitisha vocha ya simu.

KULWA: Meno hayo! Skrubu yenye meno mpaka kichwani inauma ubao wa juu na kipingo kwa pamoja, kila kimoja kinabaki pale kilipokutwa. Hata ukaze mpaka jasho likutoke, mwanya haufungi. Meno yaume kipingo tu. Ubao wa juu ubanwe na kichwa. Chagua yenye shingo laini ya inchi 1. Ukiikosa, toboa ubao wa juu kwa biti ya milimita 5, skrubu ipite bila kuuma.

DOTO: Na kipingo?

KULWA: Milimita 3, maana nacho ni mninga. Kingekuwa paini, 2.5. Funga utepe kwenye biti kuonyesha kina. Halafu stenlesi ni laini: tangulia na skrubu ya chuma cha kawaida ya saizi ileile ifungue njia, itoe, ndipo uingize ya stenlesi ikiwa imepakwa nta ya mshumaa. Sabuni hapana, inavuta unyevu.

DOTO: Kichwa kikiliwa?

KULWA: Mara nyingi kosa ni la bisibisi. Itazame nyota kwa karibu. Ukiona vimistari vidogo katikati ya mikono yake, hiyo ni PZ2 (Pozidriv), siyo PH2 (Phillips, nyota ya kawaida). Ukichanganya, bisibisi inaruka na kichwa kinakuwa duara.

DOTO: Nafasi je?

KULWA: Mbili kila makutano, sentimita 5 kutoka mwisho wa ubao, na zisifuatane kwenye mstari mmoja wa nyuzi, ubao utapasuka. Mbao 5, vipingo 3: skrubu 30. Nunua 35, na zile za chuma za kufungulia njia chukua 4 tu, utazirudia.