Toleo Imara Linatengenezwa na Nani?

Nitaanza na swali ambalo walionisikia kabla ya leo wanalijua. Nani humu anatumia Godot, injini hii ya kutengenezea gemu? Karibu mikono yote. Ahsanteni, ishusheni. Sasa, nani alipakua hata beta moja, yaani nakala ya majaribio, ya toleo lililopita, akafungua nayo mradi wake wa kweli, kabla toleo halijatangazwa kuwa imara? Mmoja, wawili... wanne. Nimeuliza hivi katika kumbi nyingi na sijawahi kuhesabu mikono ikafika kumi. Nitaendelea kuuliza.

Historia mnaijua, siirudii. Juan Linietsky na Ariel Manzur kule Argentina, msimbo ukawekwa wazi mwaka 2014 chini ya leseni ya MIT inayomruhusu yeyote kuutumia bure, toleo la 1.0 likatoka Desemba mwaka huohuo. Mimi nimekuja kuzungumzia jambo linalopita mbele ya macho yetu kila baada ya wiki chache na hatugeuzi hata shingo: safari ya toleo kabla halijaitwa imara.

Kwanza hutoka dev, nakala za kazi ikiwa bado inaendelea, moja baada ya nyingine, kila moja na mapya yake na hitilafu zake. Kisha mlango wa mapya unafungwa. Hakuna kuongeza tena, ni kurekebisha tu, na hapo ndipo beta zinapoanza. Beta zikitulia zinafuata RC, yaani zinazogombea kuwa toleo imara, na kila RC ni kama kusema: hili ndilo tunalokusudia kulitoa, mwenye neno aseme sasa. Toleo la 4.0 lilipita alfa 17 (ndilo jina la dev wakati ule), beta 17 na RC 6. Jumlisheni. Kuanzia Januari 2022 hadi toleo imara la tarehe 1 Machi 2023, tuliitwa mara 40 tuje kutazama. Mara 40! Na hilo ndilo toleo lililogusa kila kitu: uchoraji wa picha kwenye skrini uliandikwa upya juu ya Vulkan, njia ya kuiamuru kadi ya michoro, GDScript, lugha ya Godot yenyewe, ikaandikwa upya, majina nayo yakabadilika: KinematicBody ikawa CharacterBody, Spatial ikawa Node3D, yield ikaondoka ikaja await. Kuhamisha mradi kutoka matoleo ya 3.x ilikuwa kazi ya jasho. Hata hivyo wengi walifungua miradi yao kwa mara ya kwanza siku ileile ya Machi, wakashtuka, wakauliza kwa nini hakuna aliyeona kasoro hizi. Nani angeziona? Mradi ni wako, uko kwenye kompyuta yako!

Nipeni nafasi niwasimulie kisa ninachokisimulia kila mahali. Aliyekwisha kukisikia anivumilie, maana sijapata kingine kinachokizidi.

Nilikuwa nikimfundisha binti mmoja, mchoraji. C++, lugha ambayo Godot yenyewe imeandikwa kwayo, haijui wala hana haja nayo. GDScript anaandika ya kutosha kumfanya mhusika atembee na mlango ufunguke. Kompyuta yake ya mkononi ilikuwa na kadi ya michoro ya zamani, ya aina ambayo haitolewi tena draiva mpya. Nikamwambia anakili mradi wake, aifungue ile nakala kwenye beta 2 ya toleo lililokuwa njiani. Akaifungua. Vivuli vya miti vikawa vinawaka na kuzimika kila kamera inapogeuka. Akarudi kwenye toleo imara la nyuma: vivuli vimetulia. Akaniuliza, "Mwalimu, ni mimi niliyekosea?" Nikamwambia hilo ndilo swali, tukalijibu.

Kati ya toleo imara la nyuma na beta 2 kulikuwa na dev sita na beta moja. Ukiihesabu na beta 2 yenyewe, washukiwa ni wanane. Hatukuzifungua zote. Tulianza katikati, dev 4: vivuli shwari. Basi dev 1 mpaka 4 tumeziachia huru. Tukaruka hadi dev 6: vivuli vinapepesa. Wamebaki wawili. Tukafungua dev 5: shwari. Mkosaji ni dev 6. Tulifungua mara tatu tu, na kila mara ni kupakua faili moja, kuifungua na kubofya, kwa sababu Godot haihitaji kusakinishwa. Unaweza kuwa na matoleo kumi kwenye folda moja na hakuna linalomgusa mwenziwe. Saa moja haikwisha.

Kisha ikaja kazi ngumu, na hapa ndipo wengi huishia njiani. Mradi wake ulikuwa na msitu mzima, mamia ya faili. Huwezi kumtwisha mtu anayejitolea mzigo kama huo ukamwambia atafute mwenyewe. Akaanza kufuta. Alifuta sauti. Alifuta wahusika. Alifuta skripti zote. Kila akifuta anatazama: vivuli bado vinapepesa? Bado. Akafuta miti ikabaki mmoja. Bado. Akautoa ule mti, akaweka mchemraba mtupu. Bado! Mwisho mradi ukabaki na nodi tano, yaani vipande vitano, chini ya mzizi: mchemraba, sakafu, taa, kamera, na AnimationPlayer ya kuizungusha kamera. Hakuna hata mstari mmoja wa msimbo. Swali lake nalo likawa limejibiwa, kwamba hakukosea yeye, kwa sababu hakikubaki kitu chochote alichokitengeneza.

Akaandika taarifa yake: kadi ya aina hii, draiva ya toleo hili, dev 5 sawa, dev 6 si sawa, mradi mdogo huu hapa. Maneno hayakufika mia. Kabla ya RC ya pili kasoro ilikuwa imeondolewa, kwa sababu aliyeirekebisha hakuanza kwa kubahatisha. Alipewa mabadiliko ya wiki chache tu ya kuyapekua, na mchemraba mmoja wa kupimia. Sasa niambieni, katika kazi yote ile, nani alihitaji kujua C++? Mtu mmoja, tena wa mwisho kabisa.

Najua kuna mtu moyoni anasema: beta itaniharibia mradi. Inaweza kuuharibu, ndiyo, ukiifungulia mradi wenyewe! Ukishahifadhi kwa toleo jipya, la zamani huenda lisiusome tena vizuri. Ndiyo maana nasema nakala, nakala, nakala. Na kama huna nakala ya mradi wako popote, wala hutumii Git ya kutunza kila hatua ya kazi yako, beta ndiyo hatari ndogo kuliko zote ulizonazo.

Mwingine anasema: si waajiri watu wa kujaribu? Hili nalijibu kila mara. Godot Foundation, taasisi inayosimamia fedha za Godot, imesajiliwa Uholanzi na inaishi kwa michango. Michango iliongezeka baada ya Septemba 2023, Unity, injini nyingine ya gemu, ilipotangaza tozo inayohesabiwa kwa kila gemu inaposakinishwa, tozo ambayo iliifuta mwaka uliofuata. Re-Logic, watengenezaji wa gemu ya Terraria, peke yao walitoa dola 100,000 za Marekani. Fedha hizo zimelipa watu, na kazi yao inaonekana. Lakini hata zingekuwa mara mia, hazinunui kila kompyuta na kila simu iliyoko duniani. Anayeandika msimbo wa uchoraji ana kompyuta mbili au tatu mezani pake. Ninyi mna mamia. Simu moja ina chipu ya michoro ya Adreno, nyingine ina Mali, na draiva zake za Vulkan kila moja na tabia zake: msimbo ni uleule, simu mbili, picha mbili tofauti. Hilo halionekani kwa kusoma msimbo. Linaonekana pale simu yenyewe inapowashwa na gemu ikachezwa.

Na wenye vifaa vya zamani, msione haya hata kidogo. Ninyi ndio tunaowahitaji zaidi. Kadi mpya zinajaribiwa na kila mtu. Ile ya yule binti, katika watu wote waliopakua beta 2, hakuna mwingine aliyekuwa ameiandikia taarifa.

Naonyeshwa saa. Basi nitakwenda mbio.

Jolt, mfumo wa kukokotoa fizikia ya gemu, nilitaka kuieleza kwa kirefu, nitaisema kwa ufupi. Fizikia ile ilianza nje ya Godot, kama kiendelezi. Watu wakaitumia kwenye miradi ya kweli, wakaripoti, ikanyooshwa, wakaripoti tena. Ndipo ikaingizwa ndani kwenye toleo la 4.4, Machi 2025, na hata hapo ikaitwa ya majaribio. Ningependa kila kitu kikubwa kiingie kwa njia hiyo.

Toleo la 4.5 la Septemba 2025 lilileta uwezo wa kufanya kazi na programu zinazosoma skrini kwa sauti. Mimi naona kwa macho yangu, kwa hiyo siwezi kuujaribu inavyostahili. Anayeitegemea sauti ile kila siku ndiye atakayejua menyu ipi iko kimya na kitufe kipi kimetajwa kwa jina lisiloeleweka. Kama mna rafiki wa namna hiyo anayetaka kutengeneza gemu, mleteni. Hili lilistahili saa nzima, na saa hiyo sina.

Nyaraka na tafsiri nazirukia, ingawa inaniuma.

Jambo moja siliruki: namna ya kuandika. "Haifanyi kazi" si taarifa. "Mmeharibu tena" si taarifa. Orodha ya hitilafu zilizo wazi inahesabiwa kwa maelfu, na wengi wanaoisoma wametoka kwenye kazi zao nyingine, wamekaa usiku, hawalipwi. Waambie ulifanya nini, ulitegemea nini, ukaona nini, kwa toleo gani, kwenye kifaa gani. Tafuta kwanza kama mwenzio ameshaiandika. Akiwa ameiandika, ongeza kifaa chako chini yake na usifungue nyingine. Na ukiulizwa mradi mdogo, usikasirike. Anayeuomba ameamua kukusaidia, na anataka pa kuanzia.

Pale mezani nimeweka kompyuta tatu, kila moja ina toleo imara na toleo la majaribio la karibuni zaidi. Aliyekuja na mradi wake aunakili kwanza, kisha aje tuufungue pamoja. Maswali mtaniulizia hapohapo tukiwa tunafanya kazi. Na ninyi wanne mlionyoosha mikono, naomba mje mbele mnisaidie.