Mama, Umefunguliwa

MUTUA: Karibuni tena, wapendwa. Wiki iliyopita dada Achieng aligusia sentensi moja ambayo ameibeba tangu utotoni. Dada, leo utatuambia?

ACHIENG: Nitasema. Mwaka wa 2003 nilikuwa darasa la nane. Mwalimu alikuwa akirudisha mtihani wa majaribio ya KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi. Akafika kwangu, akasema mbele ya wote: "Wewe utaishia sokoni kama mama yako." Mama alikuwa akiuza sukuma pale Kangemi.

MUTUA: Ukaibeba hadi wapi?

ACHIENG: Hadi ofisini, kaka. Nafasi ya kupanda cheo ikitangazwa, najaza fomu, halafu naifuta. Nimefunga, nimeomba, nimejiambia mbele ya kioo kwamba naweza. Haikung'oka.

MUTUA: Ndipo jumuiya yetu ikaanza Luka 13, pale Yesu anapomponya mwanamke aliyepinda mgongo.

ACHIENG: Na tukaisoma polepole mno! Mara tatu, mara nne, katikati kimya.

MUTUA: Usomaji huu ni wa kale. Katika karne ya 12 mtawa mmoja wa Ufaransa, Guigo wa Pili, aliufananisha na ngazi ya vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, kisha kutulia mbele za Mungu. Wengi wetu hukanyaga cha kwanza tu, tukashuka.

ACHIENG: Sasa, yule mwanamke amepindana miaka 18, "hawezi kujiinua kabisa." Hapo nilikwama. Hawezi kujiinua! Na mimi miaka yote najikemea kwa nini sijiinui. Yeye hata hakuomba. Yesu ndiye aliyemwona, akamwita, akamwambia, "Umefunguliwa."

MUTUA: Mkuu wa sinagogi akakasirika kwa kuwa ni sabato. Yesu akamuuliza, kwani ninyi hamfungui ng'ombe na punda mkawanyweshe? Kufungua, neno ni lile lile. Mimi nimechunga mbuzi kule Ukambani. Mbuzi aliyefungwa mtini akianza kuvuta na kuzunguka, kamba inazidi kufupika, mpaka shingo inagusa gome. Lazima mtu aje.

ACHIENG: Ndivyo nilivyokuwa nikibishana na ile sentensi. Siku hizi ikija, sibishani nayo. Niko kwenye matatu Waiyaki Way, foleni haisongi, nakaa na neno moja tu: "umefunguliwa." Bado inakuja, nisiwadanganye. Lakini fomu ya mwezi huu sikuifuta.

MUTUA: Asante Mungu! Na yeyote ambaye giza limemzidi, halali wala hali, amwone daktari au mshauri pia. Maandiko hayamzuii.

ACHIENG: Kabisa. Kaka, Jumapili nilimsomea mama. Mgongo wake umepinda kwa yale magunia ya sukuma. Nilipofika pale, "Mama, umefunguliwa katika udhaifu wako," akaacha kukata mboga, kisu kikabaki mkononi. Sikuwa nimewahi kumwambia maneno ya mwalimu. Nikamwambia.

MUTUA: Akasemaje?

ACHIENG: Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Soma tena hapo anapomwita Mama."