Dhahabu ya mgongoni: Ubudha ndani ya sanaa ya Thailand

Asanteni jamani kwa kuja, na nyie mliosimama mlangoni viti vipo huku mbele, njooni tu. Leo tunaongea Thailand, na najua wengi mkisikia Thailand mnawaza ufukwe, mchele na zile ngumi zao, sasa mi nataka niwapeleke hekaluni, maana ukitaka kujua kwa nini vitu vyao vinaonekana vile vinavyoonekana lazima uanzie huko.

Nianze na kisa cha mwaka 1955. Pale Bangkok kuna hekalu linaitwa Wat Traimit, walikuwa na sanamu kubwa ya Budha ya plasta, imepambwa kwa vipande vya vioo vya rangi, imekaa kama miaka 20 chini ya paa la mabati maana hekalu halikuwa na jengo la kuitosha. Siku wanaihamisha kamba zikakatika, sanamu ikaanguka, plasta ikapasuka, na kwenye ule ufa watu wakaona kitu kinang'aa. Walipobandua kumbe ndani ni dhahabu, sanamu ya mita 3 hivi, tani 5 na nusu! Inaaminika watawa waliipaka plasta ili kuificha Waburma wasiichukue, maana Ayutthaya, mji mkuu wa zamani, ulivamiwa ukachomwa mwaka 1767, na waliokuwa wanajua siri wakafa nayo.

Kisa hiki wengi wakikisimulia wanaishia kwenye bei yake. Mi kinachonigusa ni ile miaka yote ya katikati. Watu waliendelea kuja, wanawasha udi, wanaweka maua ya yungiyungi, wanapiga magoti mbele ya plasta, na hakuna aliyeona kwamba anaabudu kitu cha thamani ndogo. Ukielewa hapo umeielewa nusu ya mhadhara wangu wa leo.

Ubudha wa Thailand ni ule wa tawi la Theravada, ulijengeka kwa nguvu toka enzi za ufalme wa Sukhothai karne ya 13, kwa watawa wenye mafungamano na Lanka, na hapa Dar mkipita Upanga mnaliona lile hekalu la Wabudha la Wasinhala wa Sri Lanka, basi ni tawi hilohilo moja. Leo zaidi ya asilimia 90 ya Wathai ni Wabudha na mahekalu yao yanazidi 40,000. Na neno linaloendesha yote hayo ni bun, ambalo sisi bahati nzuri tunalo la kwetu kabisa, thawabu. Mtu anampa mtawa wali asubuhi, thawabu. Mama anamtoa mtoto wake wa kiume akae utawani miezi mitatu ya masika, thawabu. Na mtu akilipia sanamu, au akichora ukuta, au akifuma kitambaa, ni thawabu vilevile, kwa hiyo kazi ya sanaa pale ni tendo la ibada kabla haijawa kitu cha kutazama. Ndo maana ukizunguka sanamu za zamani kutafuta jina la fundi hulipati, na ukikuta maandishi pale chini mara nyingi ni jina la aliyetoa sadaka na anamwombea nani.

Sasa mtu ananiuliza, mbona sanamu zao zote zinafanana? Swali zuri. Fundi hakuwa anajaribu kuleta kitu kipya, alikuwa anafuata maandiko na anafuata sanamu iliyotangulia, maana nguvu ya sanamu inapita kwa kunakiliwa. Hata mfalme Chulalongkorn alipojenga Wat Benchamabophit Bangkok hakuagiza sanamu ya mtindo mpya, alitaka nakala ya sanamu ya Budha inayoheshimika sana ya mji wa Phitsanulok. Na yale maandiko yanasema mwili wa Budha ufanane na vitu ambavyo mtu wa kijijini anavijua: mikono kama mkonga wa tembo, kidevu kama kokwa la embe, mapaja kama shina la mgomba, pua kama mdomo wa kasuku. Mafundi wa Sukhothai wakavichukua hivyo vitu neno kwa neno, wakatoa Budha anayetembea, unyayo mmoja umeinuka kidogo kisigino, mkono mmoja umening'inia kama mkonga kweli, bega limeteremka laini hauoni mfupa hata mmoja. Sehemu nyingine Budha amekaa au amesimama, hawa wakamfanya anatembea kuwafuata watu, na kwa maoni yangu hakuna kitu kizuri kuliko hicho kilichowahi kutoka kwenye mikono ya Wathai.

Namna ya kuitengeneza: unaanza na kiini cha udongo, juu yake unapaka nta, kila kitu kinachongwa kwenye ile nta, kope, mikunjo ya joho, nywele, halafu unafunika tena kwa udongo ukiacha vijia. Ukichoma, nta inayeyuka inatoka, panabaki uwazi, hapo ndo unamimina bronzi ya moto, ikipoa unavunja udongo, na ukishavunja basi hiyo kalibu haipo tena. Siku ya kumimina kijiji kizima kinakuja, na watu wanavua pete na bangili zao wanazitumbukiza kwenye chungu cha madini. Fikiria huyo bibi ambaye pete yake ya ndoa imo ndani ya Budha, kila akipita hekaluni hadi anakufa, hajui imo kwenye goti au kwenye sikio.

Na hata ikitoka hapo bado haijakamilika. Huko kaskazini sanamu mpya inazibwa macho kwa nta, inafunikwa kichwa kitambaa cheupe, inafungwa uzi mweupe unaopita mikononi mwa watawa, na wanaisomea usiku kucha maisha ya Budha, yaani kama wanaifundisha ni nani. Alfajiri wanabandua ile nta. Toka hapo huwezi kusema umeinunua sanamu, Wathai wanatumia neno la kukodi, unamkodi Budha, hata ile hirizi ndogo ya shingoni mtu anasema ameikodi. Na ndo maana wanaumia sana wakiona kichwa cha Budha kimewekwa kwenye baa ya huku nje au kimechorwa tatuu mguuni, na kutoa sanamu nchini lazima upate kibali cha idara yao ya sanaa, na mi nasema wako sahihi.

Tuje kwenye michoro. Ukiingia ukumbi wa hekalu la zamani, Budha mara nyingi amekaa, vidole vya mkono wa kulia vinagusa chini. Geuka nyuma yako, juu ya mlango ulioingilia. Pale ukutani ndo kuna kile anachokitazama: Mara, yule mshawishi, amekuja na jeshi lake na tembo na mikuki kumwambia ondoka kwenye hicho kiti, una shahidi gani kwamba unastahili? Budha anagusa ardhi, na ardhi inatoka kama mwanamke, Mae Thorani, anakamua nywele zake ndefu na maji yanatoka mafuriko jeshi zima linasombwa, mamba wanawala. Yale maji yametoka wapi? Kila tendo jema Budha alilofanya kwenye maisha yake yaliyopita alimwagia ardhi maji kidogo, na ardhi ikayatunza kwenye nywele. Mpaka leo Mthai akimaliza kutoa sadaka anamimina maji taratibu kutoka kijagi kidogo kwenda kwenye bakuli, kuwagawia marehemu wake thawabu, halafu anaenda kuyamwaga chini ya mti. Mi niliona mama mmoja anafanya hivyo, kidole chake kiko mdomoni mwa kijagi maji yatoke uzi mwembamba usiokatika, na juu ya kichwa chake ukutani ndo yuko Mae Thorani anakamua nywele. Yule mama hakuangalia juu hata mara moja. Hakuhitaji.

Ukuta wenyewe una kazi yake. Wanachora plasta ikishakauka, na chokaa ina chumvi inayoua rangi, kwa hiyo mafundi wa zamani walikuwa wanauosha ukuta siku kadhaa kwa maji ya majani ya mti unaoitwa khilek, halafu wanapima kwa manjano, haya haya manjano ya kwenye mchuzi! Wakipaka yakageuka mekundu, chumvi bado ipo, rudi kaoshe. Yakibaki njano, sawa, wanapaka chaki iliyochanganywa na gundi ya mbegu za ukwaju, ndo wanaanza kuchora. Na wafalme na miungu wanachorwa kwa kanuni, mikono imekunjwa kama wacheza ngoma, uso hauna hasira wala kilio, ila kule chini pembeni mchoraji anaachiwa, hapo utakuta watu wanapika, wanatongozana, watoto wanapigana, Wazungu na makofia yao. Wat Phumin mji wa Nan kuna mwanaume anamnong'oneza mwanamke sikioni, amemshika bega, mwili umejaa tatuu, na hiyo picha saivi imekuwa alama ya mji mzima.

Msije mkadhani ni kazi ya wanaume peke yao. Wanawake wamefuma. Kuna sherehe inaitwa chula kathin, wanachukua pamba wanaisokota, wanaifuma, wanaishona na kuipaka rangi joho la mtawa likamilike ndani ya siku moja usiku na mchana, kijiji kizima hakilali. Na kule Isan, kaskazini mashariki, kila mwaka wanatoa kitambaa kilichochorwa, kirefu makumi ya mita, chenye hadithi ya mwana wa mfalme Wetsandon, yaani Budha katika maisha yake yaliyopita, aliyetoa kila kitu, tembo mweupe wa ufalme, hata watoto wake wawili. Watu wanakibeba wamejipanga mstari mrefu toka nje ya kijiji hadi hekaluni, maana wanamrudisha mwana wa mfalme nyumbani kwake, halafu hadithi inasomwa yote sura 13 kwa siku moja. Ile sehemu ya watoto watu wanalia, wazee wazima, na wanaijua toka utotoni.

Na masaji nayo inahusika, nipite haraka: pale Wat Pho mfalme Rama III aliamuru elimu ya tiba ichongwe kwenye mawe ukutani mtu yeyote aje asome, michoro ya mishipa na sehemu za kubonyeza, na mwaka 2019 UNESCO iliiingiza nuad Thai, yaani masaji ya Kithai, kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Hekaluni ndo ilikotunzwa, na mganga wanayemwomba kabla hawajaanza ni Jivaka, daktari wa Budha mwenyewe.

Sasa ile dhahabu ya kichwa cha habari. Mlangoni mwa hekalu wanauza kimraba cha dhahabu, chembamba hata pumzi yako inakipeperusha, kiko katikati ya vikaratasi viwili. Unakibandika kwenye sanamu kwa kidole gumba, na kinachobaki kinang'ang'ania kidoleni siku nzima. Wengi wanabandika usoni na kifuani. Wathai wana msemo, kubandika dhahabu mgongoni mwa Budha, yaani kutenda wema pasipoonekana, na ukizunguka nyuma ya sanamu utakuta kweli kuna watu wamebandika huko gizani.

Na kuna kinachozidi hapo. Hekalu likijenga ukumbi wake mkuu, wanachonga mawe tisa ya duara kama mipira, nane pembeni na moja katikati, yananing'inizwa juu ya mashimo. Watu wanakuja toka mbali siku kadhaa, wanabandika dhahabu kimraba kwa kimraba mpaka jiwe lote linawaka, na shimoni wanatumbukiza sindano na uzi akili iwe kali, daftari na penseli kwa ajili ya kusoma. Siku ya mwisho kamba inakatwa. Jiwe linaingia shimoni na dhahabu yake yote, wanafukia, wanashindilia, na juu ya lile la katikati sakafu inaendelea.

Haya, maswali, tuanze na dada pale wa kilemba cha kijani.